Bwawa ni la Serikali, Lakini Udongo ni Wetu

Tangu kazi ya Bwawa la Thwake ianzishwe hapa kwetu upande wa Mavindini mwaka wa 2018, kuna swali moja ambalo hatukosi kulisikia sokoni, ndani ya matatu na hata nje ya kanisa baada ya ibada: "Hilo ziwa likijaa, sisi litatufaa nini?" Vijana wanaota boti na hoteli. Wengine wanaota samaki. Akina mama wanaota mfereji ulio karibu na jikoni. Na wako wazee wanaotikisa kichwa na kusema, "Hiyo ni mali ya serikali. Sisi tutaangalia kwa macho tu."

Katika toleo hili tungependa kulijibu swali hilo polepole. Hatutaanza na Thwake. Tutaanza na mabwawa mawili ya serikali yaliyojengwa zamani, ambayo kila moja lilipata ziwa la watu kwenda kupumzika. Moja ni Masinga, jirani yetu katika Ukambani. La pili ni lile la Nairobi, karibu na Kibera. Moja liko hai, ingawa limebeba mzigo. Lingine limekufa. Tukijua ni kitu gani kililiua moja na ni kitu gani kinalitisha lingine, tutakuwa na la kusema kuhusu Thwake, na hata kuhusu silanga zetu ndogo za hapa Kathonzweni.

Bwawa la udongo hufanyaje kazi?

Watu wengi hufikiri bwawa la serikali lazima liwe la saruji. Sivyo. Mabwawa mengi duniani ni ya udongo. Mtu akiangalia kwa mbali ataona kama kilima kirefu kimelazwa katikati ya bonde. Lakini ndani kuna mpango.

Katikati huwekwa kiini cha udongo mzito wa mfinyanzi, ule unaoshikana, usiopitisha maji kwa urahisi. Kiini hiki huanzia chini kabisa kwenye mtaro uliochimbwa mpaka kwenye mwamba au udongo mgumu, ili maji yasipite chini ya ukuta. Pande zote mbili za kiini hujazwa udongo mwingine au mawe ya kukipa uzito. Udongo haumwagwi tu kama takataka. Hutandazwa tabaka baada ya tabaka, hunyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa. Upande wa maji hupangwa mawe ili mawimbi yasiule ukuta. Upande wa nyuma hupandwa nyasi.

Kisha kuna sehemu ambayo wengi huidharau, nayo ni njia ya maji ya ziada. Hii huwekwa pembeni, chini kidogo ya kilele cha ukuta, ili mafuriko yakija yapitie hapo. Ukuta wa saruji unaweza kuvumilia maji yakipita juu yake kwa muda. Ukuta wa udongo hauwezi. Maji yakishaanza kupita juu ya kilele, huchimba mkondo, mkondo huwa korongo, na baada ya saa chache hakuna bwawa tena. Tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, bwawa la udongo la mtu binafsi huko Solai, Nakuru, lilipasuka usiku na watu wasiopungua 47 walikufa. Kwa hiyo tunaposema bwawa la udongo linahitaji kutunzwa, si maneno ya kupamba gazeti.

Masinga: ziwa lililozaliwa mwaka wa 1981

Mto Tana unatoka Nyandarua na Mlima Kenya. Chini ya vilima hivyo serikali ilijenga mabwawa matano, moja baada ya lingine: Kindaruma mwaka wa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ukifuata maji yanavyoteremka, Masinga ndilo la kwanza kuyapokea. Ukuta wake ni wa udongo na mawe, wenye kimo cha mita 60 hivi. Ziwa lake likijaa hufunika kilomita za mraba zipatazo 120, na lilipangwa kubeba mita za ujazo milioni 1,560.

Kazi kubwa ya Masinga si stima yake lenyewe, kwa maana mitambo yake ni ya megawati 40 tu. Kazi yake ni kuwa ghala. Linaweka maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo wakati wa kiangazi ili mabwawa yale manne ya chini yaendelee kuzungusha mitambo. Mwaka wa 2009 ukame ulikuwa mkali hadi mitambo ya Masinga ikazimwa kwa ukosefu wa maji, na nchi ikaingia kwenye mgao wa stima. Mwaka wa 2018, na tena mwaka wa 2024, mambo yaligeuka: ziwa lilijaa likafurika, na watu wa chini huko Garissa na Tana River wakaambiwa wahame mabondeni.

Mwenye bwawa ni TARDA, shirika la serikali lililoundwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya kuendeleza bonde la Tana, na baadaye likapewa na bonde la Athi. KenGen ndio wanaoendesha mitambo ya stima. TARDA wamejenga hoteli kando ya ziwa, na watu hufika kupumzika, kupanda boti na kuona ndege. Upande wa Embu iko Hifadhi ya Mwea yenye ndovu, nyati na viboko. Wavuvi hutoa tilapia na kambare. Maji ya Masinga pia yamevutwa kwa mabomba mpaka Kitui. Kwa hiyo, ndiyo, bwawa la serikali katika nchi kavu kama yetu linaweza kuleta maji, stima, samaki na wageni kwa pamoja. Hayo si ndoto.

Lakini kuna jambo ambalo mgeni aliye kwenye boti halioni, kwa sababu liko chini ya maji. Ni udongo. Wachunguzi waliopima Masinga miaka michache baada ya kujengwa waligundua kwamba udongo unaingia kwa kasi kubwa kuliko wahandisi walivyokadiria. Unatoka wapi? Unatoka kwenye mashamba ya miteremko ya juu, kando za mito, na barabara za murramu zisizo na mitaro mizuri. Kila tani inayotua chini ya ziwa inachukua nafasi ya maji. Na haitoki tena.

Hesabu ya udongo

Hebu tufanye hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuithibitisha. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mvua ikiondoa milimita 1 tu ya udongo, unene ambao huwezi hata kuuona, ni mita za ujazo 4 zilizoondoka, yaani kama tani 5. Ni lori zima hilo. Sasa chukua ekari 1,000 zilizo juu ya silanga ya kijiji. Milimita hiyo hiyo moja ni mita za ujazo 4,000. Ikiwa silanga ni ya mita za ujazo 20,000, na udongo wote huo ukifika humo kila mwaka, baada ya miaka 5 hamna silanga. Kuna kiwanja cha mpira.

Kuna na hasara ya pili. Jua letu la Ukambani hunywa maji ya silanga, kama mita 2 kwa mwaka, yaani sentimita 15 au zaidi kila mwezi. Silanga yenye kina cha mita 4 inaweza kuvumilia kutoka mwisho wa mvua za Mei mpaka mvua za Oktoba au Novemba, kama ng'ombe si wengi kupita kiasi. Ikijaa tope ikabaki na kina cha mita 1, mnaweza kuiona imejaa mwezi wa Mei, inang'aa vizuri tu, lakini kufika Septemba wapi! Jua limekunywa karibu yote kabla hata ya ng'ombe. Ndiyo maana silanga pana isiyo na kina hudanganya macho.

Silanga la Nairobi: ziwa lililokufa

Kati ya Langata na Kibera kuna kijiji kinachoitwa Silanga. Jina hilo halikutoka mbali. Ni kwa sababu ya bwawa lililojengwa hapo mwaka wa 1953 ili liwe akiba ya maji ya mji wakati wa dharura. Ziwa lake lilikuwa na ekari 88 hivi. Watu wa Nairobi walikwenda huko kuendesha mashua za matanga na kuvua samaki, na klabu ya mashua ilikuwa hapo hapo.

Leo ukipita utafikiri ni shamba la majani. Gugu maji limefunika, na chini yake ni tope, taka na maji machafu. Nani aliliua? Ni rahisi kunyoosha kidole kwa wakaazi wa Kibera, lakini tusiwe wepisi hivyo. Watu wengi walikaa pale bila mabomba ya maji taka, bila vyoo vya kutosha, bila gari la kuzoa taka. Yote yaliyomwagwa juu yaliteremka, na ukuta wa bwawa ukayashika. Hakuna aliyekwenda kuubomoa ukuta. Ukuta bado uko! Bwawa liliuawa kutoka juu.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Masinga linatishwa kutoka juu. Bwawa la Nairobi liliuawa kutoka juu. Serikali inaweza kumiliki ukuta, mlango wa maji, mitambo na hoteli. Lakini haimiliki kila shamba lililo juu ya bwawa. Uhai wa ziwa uko mikononi mwa watu ambao pengine hawajawahi hata kuliona.

Maji hayo hayo yanakuja kwetu

Sasa turudi nyumbani. Mto unaotoka kwenye bwawa lile la Nairobi huitwa Ngong. Ngong huingia Mto Nairobi. Mto Nairobi huingia Athi. Na Athi ndio huo unaokutana na Thwake hapa kwetu, mahali bwawa jipya linapojengwa.

Bwawa la Thwake si la udongo kama Masinga. Ni la mawe yaliyoshindiliwa na kuvikwa saruji upande wa maji, na kimo chake kwenye mpango ni mita 80.5. Limepangwa kubeba zaidi ya mita za ujazo milioni 680, yaani chini kidogo ya nusu ya Masinga. Pesa zimetoka kwa serikali ya Kenya na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mpango ni kutoa maji ya kunywa kwa Makueni, Kitui na mji mpya wa Konza, megawati 20 za stima, na maji ya kunyunyizia mashamba. Tarehe ya kumaliza imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, na familia zilizopisha ziwa zinajua vizuri kuliko sisi uzito wa kungoja.

Hata hivyo ukuta ukiwa wa udongo au wa mawe, sheria ni ile ile. Athi italeta uchafu wa Nairobi na viwanda vya njiani. Thwake italeta udongo wa vilima vya Machakos na Makueni. Ule wa kwanza hatuwezi kuuzuia kwa jembe; lazima tuuseme. Katiba ya 2010 inatupa msingi wa kusema: Kifungu cha 62 kinahesabu mito na maziwa kuwa mali ya umma, Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 43 kinampa haki ya maji safi ya kutosha. Mali ya umma maana yake si mali isiyo na mwenyewe. Maana yake ni kwamba mwananchi anaweza kusimama barazani na kuuliza: Maji haya yamepimwa lini? Matokeo yako wapi? Mtambo wa kusafisha utatoa nini na utaacha nini?

Uchafu wa pili, ule wa udongo, huo uko ndani ya uwezo wetu.

Si jambo geni kwa Mkamba

Kuna mtu atasema, "Mambo ya matuta ni ya wakoloni." Ni kweli serikali ya kikoloni ilijaribu kwa nguvu. Miaka ya 1930 ilisema Ukambani inamomonyoka kwa sababu ya ng'ombe wengi, ikaanza kuwanyang'anya watu mifugo. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kumtafuta Gavana, na kunyang'anywa kukasimamishwa, ingawa yeye mwenyewe alipelekwa kizuizini Lamu. Funzo lake ni kwamba udongo hauhifadhiwi kwa amri na askari.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Vikundi vya mwethya vilipochukua jembe kwa hiari yao, hasa baada ya uhuru, vilima vilibadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 ulionyesha kwamba Machakos ya zamani, iliyokuwa na Makueni ndani yake, ilikuwa na watu zaidi ya mara tano ya wale wa miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua. Tuta la fanya juu, ambapo unachimba mtaro ukikata mteremko na kurusha udongo upande wa juu, limejulikana hata nje ya nchi kwa jina hilo la Kiswahili.

Na wanaofaidi maji chini wanaweza kumsaidia anayechimba juu. Mwaka wa 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana-Nairobi, ambapo mashirika na makampuni yanayotegemea maji ya Tana huchangia ili wakulima wa juu wapate msaada wa kuweka matuta, nyasi za nepia, miti na visima vya kuvunia mvua. Mkulima huhifadhi udongo na kupata mavuno mazuri. Bwawa hupata maji yasiyo na tope. Je, si haki Thwake nayo iwe na mpango kama huo, wakulima wa hapa wakiwa ndani ya kamati na si nje ya dirisha?

Mambo ya kufanya

Kwa wenye silanga na kamati za maji, tunashauri haya:

1. Njia ya maji ya ziada isizibwe kamwe, hata kwa mchanga kidogo ili "maji yaongezeke". Hapo ndipo bwawa hupasukia.

2. Miti na vichuguu visiachwe kwenye ukuta. Mzizi ukioza na mchwa wakichimba, maji hupata njia. Nyasi zinatosha.

3. Ng'ombe wasinywe ndani. Wekeni bomba na birika chini ya ukuta.

4. Tembeeni nyuma ya ukuta kila wiki wakati wa mvua. Maji yakivuja yakiwa meupe, wekeni alama na mwangalie kama yanaongezeka. Yakitoka na rangi ya udongo, ukuta unaliwa kutoka ndani. Waondoeni watu walio chini na mpelekee habari chifu na ofisi ya maji siku hiyo hiyo.

5. Anzeni juu. Kutoa tope kwa tingatinga bila kuweka matuta juu ni kupiga deki wakati paa linavuja.

Na kwa wote watakaokwenda kutembea kando ya ziwa lolote: maji ya bwawa hayana mteremko wa taratibu kama ufuo wa Mombasa. Hatua moja ni magoti, ya pili ni shingo. Watoto wasiachwe peke yao. Boti bila jaketi za kuokoa, msipande, hata kama mwenye boti ni jamaa yenu. Kuna mamba na viboko Tana na Athi. Tena maji yaliyotulia yenye majani hufuga konokono wa kichocho. Mtoto akikojoa damu, mpelekeni kliniki, msingoje.

Maswali ya kujadili katika vikundi

Tunaomba vikundi vyetu vikae na maswali haya kabla ya mvua za Oktoba. Je, mvua ikinyesha shambani kwako, maji yanatoka yakiwa na rangi gani, na yanaingia mto gani? Silanga yetu ilikuwa na kina gani ilipochimbwa, na leo ni gani? Chukueni fimbo ndefu mkapime wakati maji ni machache, msikisie. Ni nani katika kijiji chetu anayejua njia ya maji ya ziada iko wapi? Na Thwake ikijaa, ni nani atakayetuwakilisha penye meza ya kuamua mambo ya boti, samaki na mabomba?

Kikundi kitakachopima silanga yake kituletee vipimo viwili, cha zamani na cha sasa. Tutavichapisha ili vijiji vingine vipate kujilinganisha.